Mbwa Wangu Kumbe Ana Nyumba Ndogo

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto. Nawahadithia mwenyewe kabla hamjahadithiwa na wengine, maana hapa Karatu habari zinafika stendi kabla ya mwenye nazo.

Kwa wasionijua, mimi ni dereva wa watalii. Kazi yangu ni kushuka kwenye bonde la Kreta na wageni na kuwatafutia wanyama. Faru akilala kwenye nyasi kule mbali kabisa, ambako wengine wanaona jiwe tu, mimi namwona. (Nawaambia hili ili mjue mnamcheka mtu mwenye ujuzi wake.)

Nyumbani nina mbwa mzee, anaitwa Kamanda. Enzi zake alikuwa Kamanda kweli. Fisi wakifika kwetu walikuwa wanavuka barabara, wanapita upande wa pili. Siku hizi meno yamekwisha, macho yana ukungu, na tangu mwaka jana hasikii. Namwita "Kamanda!" mpaka majirani wanatoka nje, yeye ametulia tu. Mimi na mke wangu, Upendo, tukakubaliana kwamba mzee ameshakuwa kiziwi. Aachwe apumzike.

Wiki iliyopita dereva mwenzangu, Saning'o, alirudi kutoka kwao Kakesio na kitoto cha mbwa ndani ya koti.

"Chukua huyu," akaniambia. "Mama yake analinda ng'ombe wa baba. Mpe mzee wako amfundishe kazi, kabla mzee hajachoka kabisa."

Tukampokea. Tukamwita Bajaji, kwa sababu ni mdogo, ana kelele, na anakata kona bila kuangalia.

Bajaji alimpenda Kamanda papo hapo. Alimng'ata mkia, alimlamba ndani ya sikio, alimpanda mgongoni akalala. Kamanda yeye alishusha pumzi kama mtu aliyeletewa mgeni bila taarifa, akainuka, akahamia pembeni. Bajaji naye akahamia pembeni. Ikawa ndiyo kazi yao kutwa nzima, kuhama na kuhamiana.

Halafu Kamanda akaacha kula.

Hapo ndipo mambo yalipoacha kuchekesha. Tunamwekea chakula chake, ananusa, anageuza kichwa. Asubuhi anatoka peke yake polepole, tunamwona tena mchana, anajilaza bila kumtazama mtu. Upendo akaanza kufuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Baba Ima, huyu anatuaga. Ameona tumeshamletea mrithi. Mbwa akikaribia kufa huwa anajitenga."

Mimi sikulia. (Vumbi liliniingia machoni. Ndiyo, najua mvua ilikuwa inanyesha.) Kamanda alikuwepo tangu Ima hajazaliwa. Mtoto wangu alijifunza kusimama kwa kushika masikio yake. Nikamwambia Upendo, "Kesho sina wageni. Nitamfuata niione hiyo sehemu anayokwenda. Kama ni kufa, hatafia peke yake."

Basi leo asubuhi nikavaa ile fulana yangu ya kazi yenye mifuko mingi, nikashika darubini. (Msiulize darubini ya nini. Mazoea.) Upendo akabaki amemkumbatia Bajaji mlangoni ili asitufuate. Kamanda akatoka getini akiburuta miguu, kichwa chini.

Akakata kona ya nyumba ya jirani.

Jamani, akaanza kukimbia!

Yaani mbwa ambaye nyumbani tunambeba kupanda ngazi mbili za barazani, sasa mkia uko juu, anaruka madimbwi! Mimi nyuma yake, tope jekundu limenishika viatu. Kila akisimama, najibanza nyuma ya mgomba. Mama Paskalina, jirani yetu, akanikuta nimejikunja pale na darubini.

"Baba Ima, umepoteza wageni?"

"Hapana mama. Namfuata mbwa."

"Mbwa gani?"

"Wa kwangu."

Akanitazama kwa huruma, akaendelea na safari yake.

Tukapita shamba la kahawa, tukafika kwenye nyumba moja yenye ua mrefu wa michongoma. Chini ya ule ua kulikuwa na tundu, limelainika kama mlango wa watu wanaopita kila siku. Kamanda akajipenyeza bila kusita. Kabla sijafikiri, kitu kikanipita miguuni kama risasi. Bajaji! Alikuwa amemponyoka Upendo. Naye akaingia tunduni.

Nikapiga magoti. Nikaingiza kichwa. Kikapita. Nikaingiza mabega. Yakapita kwa kubembelezwa. Nikasukuma tumbo.

Tumbo likakataa.

Nikarudi nyuma. Miiba ikashika mifuko ya fulana, yote. (Mnajua ile fulana ina mifuko mingapi?) Nusu yangu ikawa uani kwa watu, nusu ikabaki njiani.

Ndipo nikainua macho.

Mbele yangu kulikuwa na turubai, viti vimepangwa pande mbili, wazee wa makoti, akina mama wa vitenge vya sare. Ilikuwa posa! Baadaye ndipo nilipojua ni kwa Bibi Martina, muuguzi mstaafu, na aliyekuwa anaposwa ni mjukuu wake, Asteria. Mshenga wa upande wa mwanaume alikuwa amesimama, anatoa maneno yake kwa sauti nzito:

"Wazee wetu, tulikuwa tunapita njia. Tukatupa macho hapa kwenu. Tukaona ua..."

Shangazi mmoja akatupa macho kweli kwenye ua. Akaniona.

"Mamaaa! Ua una kichwa!"

Viti vikaanguka. Mshenga akaishia hapohapo. Wote wakanigeukia. Mimi nikafanya kitu pekee nilichofundishwa na wazazi wangu.

"Shikamooni."

Mzee mmoja wa upande wa mwanaume akanisogelea, fimbo mkononi.

"Wewe ni nani, na humu umefuata nini?"

Hapa, ndugu zangu, ningesema "mbwa" tu yangeisha. Lakini nilikuwa na uchungu wangu. Wiki nzima nimelia... nimeingiwa na vumbi, kumbe mtu mwenyewe mzima! Maneno yakanitoka:

"Nimemfuata wa kwangu, mzee! Yumo humu! Nimeishi naye miaka yote, anakula kwangu, analala kwangu, kumbe kila asubuhi anatoroka anakuja huku!"

Akina mama wakatazamana. Hata kuku wakaacha kuchakura.

Kijana mmoja mwenye suti ya bluu, Filbert, ndiye mposaji, akasimama polepole. Asteria akachungulia dirishani. "Bibi, mimi simjui huyo kaka! Wallahi simjui!" (Na ni Mkatoliki.)

"Anakula kwako?" Filbert akauliza.

"Na analala kwangu!" nikajibu kwa hasira, sijaelewa bado.

Wakati huohuo nikasikia sauti ninayoijua vizuri, upande ule wa miguu yangu. Upendo alikuwa amefika akimtafuta Bajaji.

"Baba Ima! Nani huyo analala kwako?"

"Nani yuko huko nyuma?" mzee akauliza.

"Mke wangu," nikasema.

"Kumbe na mke anaye!" shangazi akapiga kelele, akajishika kichwa. Mama yake Filbert akaanza kukusanya mkoba wake. Mshenga akawa anakunja karatasi zake. Mbele yangu posa ya watu ilikuwa inavunjika, na nyuma Upendo ameshanikamata kifundo cha mguu na anataka majibu. Ndipo akili ikanirudia.

"Jamani, mbwa! Nasemea mbwa!"

Filbert akarusha koti chini. "Unamwita mchumba wangu mbwa?"

Wakamshika. Watu watatu, na mmoja ni mshenga. Mimi nikafumba macho nikasali sala fupi ninayoikumbuka, ile ya kabla ya kula.

Nilipofumbua, nikasikia mtu anacheka. Ni Bibi Martina mwenyewe, ameketi kwenye kiti chake, kanga imemwanguka begani, anacheka mpaka machozi yanatoka.

"Mwacheni huyo," akasema. "Huyu ni mwenye Zawadi."

"Zawadi ndiyo nani tena?" Filbert akauliza, amekata tamaa.

Bibi akaita tu, kwa sauti ya chini, ile ya kumwita mtu aliye chumba cha pili: "Zawadi."

Na kutoka nyuma ya jiko, Kamanda wangu, kiziwi wangu, akaja mbio masikio yamesimama!

"Kamanda!" nikaita.

Hata hakugeuka.

"Zawadi, kaa hapa baba."

Akakaa.

Jamani. Mbwa hajawahi kuwa kiziwi. Amebadilisha jina.

Kicheko kilichofuata nadhani kimesikika mpaka Rhotia. Hata Filbert alicheka, akaokota koti lake, akalipangusa. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Na nyuma kwangu Upendo alikuwa anacheka huku bado ameshika mguu wangu, kwa hiyo nilitikisika mzima.

Halafu nikaona kitu. Bibi alikuwa amemwekea Kamanda bakuli la makande yaliyopondwa, yamelainishwa kwa maziwa. Bajaji akafika, kama kawaida yake bila breki, akatumbukiza pua humo. Nikajua sasa atabwekewa. Lakini Kamanda akarudi nyuma hatua moja. Akaketi. Akamsubiri mdogo ashibe, ndipo naye akainamia bakuli. Walipomaliza, Bajaji akampanda mgongoni, na Kamanda hakuhama.

(Hapo vumbi lilikuwa jingi sana.)

Kunitoa ikawa kazi ya koo mbili. Filbert na mshenga wakasukuma mabega, Upendo na dereva wa bodaboda aliyekuwa anapita wakavuta miguu. "Moja, mbili, tatu!" Nilitoka. Suruali ilitoka pia, lakini si yote. Nikazungushwa hadi getini nimefungwa kanga ya Bibi Martina kiunoni, nikakaribishwa kiti mstari wa mbele, maana walisema mimi sasa ni mtu wa nyumbani.

Bibi akanieleza vizuri. Mbwa wake wa zamani alikufa mwaka jana, akabaki anakaa barazani peke yake. Siku moja Kamanda akapita lile tundu, akaja kulala juu ya miguu yake. Ndiyo maana akamwita Zawadi.

"Nilijua ana kwake," akasema. "Ameshiba mapenzi, anaonekana. Nikawa naogopa tu kuuliza, msije mkamfungia. Nyumbani mnampa nini?"

"Mifupa, bibi. Mizuri."

"Mifupa, baba? Na meno hana?"

Upendo akanitazama. Mimi nikamtazama Kamanda. Kamanda akatazama pembeni, ana aibu kwa niaba yangu. Kumbe hakuwa anatuaga. Wiki hii Bibi alikuwa anapika vya posa tangu alfajiri, mzee wetu anapelekewa masufuria ya kuonja, anarudi kwetu ameshiba, halafu sisi tunamsukumia mfupa!

"Bibi," Upendo akasema, "asubuhi aje kwako, jioni awe kwetu. Na huyu mdogo aje naye, ajifunze kazi."

"Kazi gani?" nikauliza.

"Hiyohiyo anayoifanya mwenzake," akajibu Bibi, na wote wawili wakacheka kama waliozaliwa pamoja.

Mshenga akasimama tena, akajikohoza. Alipofika kwenye "tukaona ua", hakuna aliyeweza kujizuia, hata mzee wa fimbo. Lakini posa imekubaliwa! Asteria alipoulizwa kama anawafahamu wageni, akasema anawafahamu wote isipokuwa yule wa kanga. Tumekula pilau. Nimealikwa harusini, na nimeombwa rasmi nipite getini.

Sasa niko nyumbani. Kamanda na Bajaji wamelala mlangoni, mmoja juu ya mwingine. Nimejaribu kumwita "Zawadi". Amefungua jicho moja, akaona ni mimi, akalifunga.

Ninaandika haya kwa sababu shangazi alikuwa anarekodi posa tangu mwanzo, na video imeshanifikia kutoka kwa watu sita. Sitaki mnionee huruma. Niambieni ukweli tu: nimenenepa, au ni kamera?