Dozi ya Siku Arobaini na Moja

Ljubisav, ambaye kijiweni wanamwita Profesa kwa sababu alifagia madarasa ya shule ya kijiji kwa miaka thelathini, alilipiga gazeti kofi na kutangaza kwamba Serbia imekwisha.

"Someni wenyewe. Daktari wa Belgrade anasema ulevi ni ugonjwa."

Ilikuwa saa nne asubuhi, mbele ya duka la Dobrila, kwenye lile benchi la ubao na makreti ya bia. Profesa alikuwa na bia pamoja na kiglasi cha rakia, pombe kali ya matunda ya plamu. Gvozden, aitwaye Trekta kwa ukubwa wake na kwa sauti yake, alikuwa kwenye bia ya pili. Vitomir alikuwa na kahawa.

Kahawa hiyo ndiyo iliyompa jina la Dozi. Pale kijijini mwanamume akikataa pombe lazima ajieleze, na maelezo yanayopita bila ubishi ni ya aina moja tu: natumia antibayotiki. Ukisema umechoka, watakucheka. Ukisema mkeo amekataza, ndiyo umejimaliza kabisa. Lakini sema uko kwenye dozi, na hata mlevi aliyeshindikana atakuachia kahawa yako kwa heshima zote. Vitomir alisema hivyo siku ya kwanza. Leo ilikuwa siku ya arobaini na moja, na katika siku zote hizo hakuwa amemeza kidonge cha antibayotiki hata kimoja.

Ukweli ni kwamba kila Jumanne alipanda basi kwenda hospitali ya mjini, akaketi kwenye duara la viti pamoja na walevi wengine kumi, wakaelezana aibu zao. Hakuthubutu kusema kijiweni. Aliyaona yaliyompata fundi mabomba wa kijiji cha pili, aliyeacha pombe hadharani. Watu walimpongeza, wakamsogezea nafasi, kisha kidogo kidogo wakahamia baa nyingine. Vitomir alikuwa mjane, na bila benchi hili angebaki kuongea na redio.

"Ugonjwa?" Trekta alisema. "Mafua yanakufuata nyumbani. Kansa inakufuata nyumbani. Hii mimi naifuata mwenyewe kilomita tatu, na mvua inaninyeshea. Ugonjwa gani huo?"

Dobrila alitoa kichwa dirishani. "Kama ni ugonjwa, basi mimi mfamasia. Kuanzia kesho mje na cheti cha daktari."

"Shemeji, usimpe daktari huyo mawazo," alisema Profesa. "Halafu kuna maswali hapa chini. Ukijibu ndiyo hata mara mbili, wewe mgonjwa."

"Lete."

"La kwanza. Unakunywa asubuhi?"

"Rakia au pombe?"

"Rakia ni pombe, Trekta."

"Acha zako. Rakia ni dawa. Bibi alinichua nayo kifua, nikipata homa alilowesha nayo soksi akanivalisha. Bia nayo ni shayiri, yaani mkate wa kunywa. Pombe ni zile za rangi rangi wanazokunywa watu wa mjini kwa mrija. Andika hapana."

Profesa aliandika hapana, na kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi, akajiandikia na yeye.

"La pili. Unakunywa peke yako?"

"Hata siku moja. Mke akienda kwa mama yake, namwita mbwa ndani."

"Mbwa anakunywa?"

"Hanywi, ila ananisikiliza. Hapo tuko wawili."

"Sawa, hapana. La tatu. Umewahi kujaribu kuacha ukashindwa?"

"Nishindwe vipi na sijawahi kujaribu?"

"Hata mimi." Profesa aliinua kalamu, uso umemchangamka. "Unaona, bwana? Tumefaulu wote wawili. Mgonjwa ni yule anayejaribu kuacha."

"Ndiyo nilichosema toka mwanzo. Wanaingia hospitali wazima, wanatoka wanakunywa maji."

Vitomir alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Dozi, mbona kimya?" Trekta alimgeukia, halafu akajutia kuuliza, maana sauti yake ilishuka ghafla. Akatazamana na Profesa. Profesa akakohoa. "Jirani, tumekaa, mimi na huyu, tukapiga hesabu. Siku arobaini na moja. Ng'ombe wangu dume alipougua mapafu aliandikiwa siku tano."

"Akafa," alisema Profesa.

"Wewe nyamaza. Dozi, tuambie tu. Ni mapafu? Ni ini? Sisi watu wazima. Mimi nimeshaweka kando lita ishirini za rakia ya mwaka juzi, ile nzuri, kwa ajili ya msiba wako. Mke wangu ananiuliza mbona siigusi, namwambia inapumzika."

"Na mimi nimeanza hotuba ya makaburini." Profesa alichomoa karatasi mfukoni. "Nimefika pale unapozaliwa."

Vitomir aliwatazama. Macho ya Trekta yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza haikuwa kazi ya bia. Alijisikia kucheka na kulia kwa pamoja. Miaka yote hiyo alijua wanampenda, ila hakuwahi kudhani kwamba wanampenda lita ishirini. Angeweza kuwaambia ni ini, akabaki na benchi lake na heshima zake mpaka siku ya kufa. Lakini mtu anayekuandalia msiba huwezi kuendelea kumdanganya usoni.

"Si mapafu," alisema. "Ni huo wa gazetini."

"Upi?"

"Huo mlioufaulu."

Dobrila alizima redio dukani.

"Mjukuu wangu alitimiza miaka minne," Vitomir aliendelea, akiitazama kahawa. "Wakati wa keki mimi nilikuwa chini sakafuni, nimelala. Nikamsikia anamnong'oneza mwanasesere wake: tusipige kelele, babu amelala tena. Hilo 'tena' ndilo lililoniua. Kesho yake nikapanda basi."

Trekta aliinuka taratibu, benchi likalia.

"Kwa hiyo hufi."

"Sifi. Yaani, si sasa hivi."

"Wiki nzima nalia zizini. Ng'ombe wamepunguza maziwa kwa ajili yako. Kumbe mzima?"

"Mgonjwa," Profesa alirekebisha.

"Mzima, bwana. Dobrila, leta rakia tatu. Dozi hafi."

Dobrila alizileta mwenyewe, mdomo kaubana. Pale hakuna anayeonja mpaka wote wainue na kutazamana machoni, kwa hiyo glasi mbili zilisimama hewani zikingoja ya tatu. Ya tatu ilikuwa mbele ya Vitomir, imejaa hadi ukingoni. Harufu ya plamu ilimpanda puani na mate yakamjaa. Aliiogopa glasi ile kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote, na aliitaka vilevile.

"Mimi sinywi," alisema. "Na dozi hakuna. Sinywi tu."

Profesa alishusha mkono. "Basi tuna tatizo la kisheria. Kama si ugonjwa, mwenzetu ametudanganya siku arobaini na moja, anywe. Kama ni ugonjwa, asinywe, akae hapa na kahawa yake, hatumuulizi. Lakini kama ni ugonjwa..." Alitazama majibu yake gazetini, akatazama glasi yake.

Trekta akanyoosha mkono mnene, akaichukua glasi ya tatu, akaimimina kooni, akafuatisha na ya kwake.

"Ni ugonjwa," alisema. "Profesa, andika."

"Niandike wapi?"

"Popote. Ila ni wa kwake peke yake, kaupata mjini. Hauambukizi. Anakaa."

Profesa aliandika pembeni mwa gazeti, akaweka tarehe na sahihi. Vitomir alishusha pumzi, akanywa kahawa yake iliyokwisha kupoa, na hakukumbuka kama aliwahi kunywa kitu kitamu hivyo.

Saa sita Dobrila alifunga duka kwa ajili ya chakula. Profesa aliondoka akinung'unika kwamba hotuba ameiandika bure, na Vitomir akamsihi asiitupe. Trekta hakuondoka. Alilizunguka trekta lake la shambani, lililoegeshwa kando ya duka, akapiga teke gurudumu lisilo na tatizo lolote.

"Hilo basi la Jumanne linaondoka saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Siulizi kwa ajili yangu."

"Najua."

Trekta alipanda kitini, akashika usukani, hakuwasha.

"Kesho Profesa akiniona na kahawa, wewe mwambie nina jino. Daktari kaniandikia dozi."

Vitomir alimtazama mdomoni. "Gvozden, jino la mwisho uling'oa mwaka juzi. Profesa ndiye aliyekushika kichwa."

Trekta alifikiri mpaka jasho likamtoka.

"Basi sikio," alisema.