Pumzi ya Mtungi wa Raheli

Jumatatu, 9 Novemba 1953
Nimepata! Kitabu cha kemia nilichoazima misheni kinasema hewa ya ukaa ikipitishwa kwenye maji mazito ya magadi, unatokea unga mweupe. Unga ule ule wa kuumulia maandazi ambao Simeoni mwenye duka anauleta kutoka Dodoma na kutuuzia kwa kijiko, huku akicheka viraka vyangu. Magadi yamejaa ufukoni mwa ziwa. Hewa ya ukaa je? Inatoka kwenye pombe inayochacha! Hapa Sepuka wanawake wanaiacha ipotee hivi hivi. Ujinga mtupu.

Jumatano, 11 Novemba
Mke wangu Raheli amepika pombe ya mtama, mtungi mzima. Jumamosi majirani wanakuja kutulimia. Bila pombe hakuna atakayeshika jembe, na bila shamba lile mwakani tutalala njaa. Nimemwambia sitagusa pombe, nataka pumzi yake tu. Akasema mtungi unaochacha hauzibwi. Nani amesoma kitabu, yeye au mimi?

Alhamisi, 12 Novemba
Raheli ameenda kuazima vibuyu. Nimeziba mdomo wa mtungi kwa udongo, nikapitisha mpira wa baiskeli hadi kwenye chungu cha magadi. Humo nimetia misumari yenye kutu iwe kichocheo. Kitabu kinasema kichocheo hufanya vingine vifanye kazi, chenyewe kisipungue. Kama mimi hapa nyumbani. Mapovu yalitoka vizuri, kisha kimya. Dalili njema!

Ijumaa, 13 Novemba
Mtungi umepasuka. Makapi ya mtama yaliziba mpira. Pombe yote sakafuni, kuku wamelewa. Raheli hakunigombeza. Alikaa chini akaviangalia vigae. Heri angenitukana.

Jumamosi, 14 Novemba
Majirani wamekuja na majembe. Nikawaeleza kemia. Mzee Isaka akauliza pombe iko wapi. Nikamwonjesha ukoko niliokwangua chunguni. Akatema, akasema una ladha ya msumari. Wote wakaenda kulima kwa Simeoni, ambaye pombe anayo. Mshenzi yule! Nilimuaga Mzee Isaka alipoondoka, akanipa mgongo. Nimeumia sana.

Jumanne, 17 Novemba
Mvua imenyesha. Shamba la Simeoni limelimwa lote. Letu ni nyasi, na Raheli yumo peke yake tangu alfajiri, analima bila kuinua kichwa. Nilimpelekea uji, hakuugusa. Nikarudi ndani nikalia.

Halafu nikafikiri sawasawa. Kosa ni la mfinyanzi! Mama mkwe anapika pombe ya harusi ya Damari, mdogo wake Raheli. Nitampelekea pipa la chuma la kuchachushia, zawadi ya mkwe. Lina kifuniko cha kukaza.