Mchezo wa Walinzi Uani kwa Mama Grasiana

Asubuhi ile Mbwana alifika kijiweni bila salamu. Alichukua kikombe, akajimiminia kahawa mwenyewe, akanywa, akafuta mdomo, ndipo akatutazama mmoja mmoja kama balozi wa nyumba kumi anayejua nani hakuja mkutanoni. Sisi tulimwita Redio, maana habari ikiingia sikioni mwake hutoka mdomoni na sauti kubwa kuliko ilivyoingia. Nikachochea mkaa. Mwenye birika ni mimi, na muuza kahawa hana ugomvi na habari ndefu.

Habari yenyewe ni kwamba Bibi Maendeleo alikuwa njiani kutoka Handeni mjini, anakuja kukagua watoto wanaolelewa kwa Mama Grasiana.

"Nani kamwita?" akauliza Yordani, tuliyempa jina la Wakili kwa kupenda kusimamia kesi zisizomhusu.

"Maendeleo hayaitwi, ndugu yangu. Yanakuja."

Lakini kwa alivyotabasamu, tulijua nani aliyekwenda kuyabishia hodi.

Sasa uelewe kijiwe chetu kilikuwa wapi. Hakikuwa barabarani wala dukani. Kilikuwa chini ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mahindi, pembeni kabisa mwa shamba la ujamaa. Tangu tuhamishiwe kijiji kipya, njia ya kwendea Kwamsisi, kila mwenye mikono alilima shamba la wote asubuhi, isipokuwa walinzi wa nyani. Walinzi ni Redio, Wakili na Sadala. Mimi nilihesabiwa humo humo, kwa huduma ya kuwaweka macho.

Kazi ya mlinzi ni kulizunguka shamba akipiga debe. Sadala, aliyeitwa Godoro kwa sababu ukimwegemeza popote analala, alitupunguzia mzigo huo. Alitundika debe lenye kokoto katikati ya mahindi, akavuta kamba ndefu mpaka kijiweni, akaifunga kwenye kidole gumba cha mguu wake. Akinywa kahawa, anatikisa mguu. Akisinzia, mguu unajitikisa wenyewe. Wanaolima upande wa pili wakisikia kwanga-kwanga husema, jamani, walinzi wetu hawa hawalali.

Kwa hiyo Bibi Maendeleo hakutuhusu. Anayehusika ni Mama Grasiana, mtoto wa manamba, mzaliwa wa kambi za mkonge upande wa Korogwe. Ujanani alikuwa yaya kwa fundi mitambo Mjerumani, na mke wa yule fundi alikuwa na desturi ya kukusanya watoto barazani kwake, wakakanda unga, wakapanga mawe na vijiti, bila ubao wala chaki. Grasiana alipoolewa huku akaja na mtindo ule ule. Kijiji kilipotafuta mahali pa kuacha watoto wakati mama zao wakilima, akasema waje kwake uani. Akipepeta, wanapepeta. Akichota maji, wanachota kwa vifuu. Hadithi huwasimulia ile ile juma zima, mpaka kuku wanaijua.

Hapo ndipo Redio alipokabwa roho. Alikwisha kukitangazia kijiji kizima kwamba mwanawe Mdoe ataingia darasa la kwanza akisoma gazeti. Kumbe mtoto kila jioni anarudi na maganda ya konokono.

"Jana nimemuuliza, umejifunza nini leo? Kaniambia mvua inanukia kabla haijafika."

"Si kweli?" akauliza Godoro bila kufumbua macho.

"Ni kweli, lakini haitoki kwenye mtihani."

Akaendelea kushitaki. Wanasesere wa kule wametengenezwa kwa magunzi na vitambaa, wala hawana macho wala mdomo. Alipomuuliza mama yule, akajibiwa kwamba uso atauweka mtoto mwenyewe. Leo mwanasesere anacheka, kesho analia. Wakili akasema yeye hana neno na kiumbe asiye na mdomo, kwake nyumbani mmoja wa namna hiyo angempunguzia kelele. Redio hakucheka. Akatoa kosa kubwa la mwisho: herufi hazifundishwi mpaka mtoto ang'oke meno ya utoto.

Godoro akafumbua jicho moja. "Basi babu yangu yuko tayari kwa chuo kikuu."

Tulicheka mpaka debe likalia kule shambani, maana Godoro hucheka na miguu. Wakili peke yake akatulia, akikizungusha kikombe.

"Redio, mke wangu akiwa shambani, watoto wako kwa Grasiana. Grasiana akifungiwa, watoto watalelewa na nani?"

"Na wazazi wao."

"Na wazazi wasiolima asubuhi ni akina nani?"

Nikamjazia Wakili kikombe ili apunguze ukweli. Redio akasema Wakili ana woga wa kike, Bibi Maendeleo anakuja kukagua ua, hakagui dungu. Wakili akamjibu kwamba ukimwita fundi atazame paa la jirani, atapita chini ya lako. Lakini gari lilikwisha kusikika, na kijiwe gani kitabaki kimekaa habari inapokwenda kwa miguu? Godoro akafungua kamba kidoleni, akaifunga kwenye nguzo ya dungu. Tukaondoka wote wanne.

Bibi Stefania, ndiye Bibi Maendeleo mwenyewe, alikuwa mama mnene mpole mwenye miwani. Tulimwamkia, akatuamkia. Redio akajiweka mbele kama mwenyeji, akaonyesha hapa hakuna ubao, pale hakuna daftari, na wale ndio wanasesere wasio na uso. Mama Grasiana alikuwa anakanda unga wa muhogo kwenye sinia, na watoto wawili pembeni wanakanda tope kwa makini kuliko yeye.

"Mama, unawafundisha nini?" Bibi Stefania akauliza.

"Mimi siwafundishi, bibi. Nafanya kazi zangu, wananitazama. Mtoto mdogo hasikii unachomwambia. Anafanya anachokiona."

"Umesikia?" Redio akadakia. "Kakiri mwenyewe."

Bibi Stefania alikuwa anatazama kwenye kona ya ua, penye kundi la watoto chini ya vijiti vinne vilivyoezekwa majani. Tatu, binti wa Godoro, alikuwa amelala chali na kifuu cha maji ya tope kifuani. Kidole gumba cha mguu kimefungwa kamba ya mgomba, na mwisho wa kamba kuna kopo lenye mawe. Kila mara mguu unatikisika, kopo linalia, yeye hafumbui macho. Mtoto mmoja anamimina tope vikombeni. Mdoe amesimama na kiganja sikioni, anatangaza kwa sauti nene kwamba katibu amegombana na mkewe.

Tatu ndiye aliyekuwa akimpelekea baba yake uji kila siku. Hatukuwahi kufikiri kwamba anayeleta uji ana macho.

"Mnacheza nini, wanangu?" Bibi Stefania akachuchumaa.

"Tunalinda shamba," akasema Tatu.

"Kwa kulala?"

"Ndiyo. Baba ndivyo anavyolinda."

Akina mama waliokuwa wameacha kulima waje kutazama ugeni wakaanza kugeuka, mmoja baada ya mwingine, kutuangalia. Wakili akapata kazi ya kukagua mfenesi. Redio akakohoa, akasema michezo ya watoto haina ushahidi, walinzi wa kijiji hiki wanajulikana kwa kazi.

Na Mungu akamletea msaada: kule shambani debe likalia, kwanga-kwanga, kwa nguvu kuliko siku zote.

"Unasikia, bibi?" akasema Redio, kifua mbele. "Mlinzi yuko kazini."

Bibi Stefania akawatazama watu waliokuwa uani. "Walinzi ni wangapi?"

"Watatu," akajibu mke wa Godoro, na akatuonyesha kwa mpini wa jembe.

Godoro akakitazama kidole chake, kitupu, kilichobaki na alama ya kamba. Debe likalia tena. Kisha tukasikia kicheko cha nyani, wengi, wakila mahindi ya wote na kuchezea kamba yetu.

Mkutano ulifanyika jioni ile ile, na haukuwa mrefu. Ulinzi wa shamba walipewa akina mama wenye mimba, na debe likaanza kuzungushwa kwa mkono. Kituo cha Mama Grasiana kilibaki pale pale. Lakini Bibi Stefania akasema kama watoto hujifunza kwa kutazama, basi wapatiwe wanaume wa kuwatazama. Siku hizi tukitoka kulima tunakaa uani kwake, sisi wanne, tunasokota kamba na kuchonga miiko, na watoto wametuzunguka wanatazama vidole vyetu. Birika langu linachemsha uji.

Umbea haupiti pale. Jana Redio aliinama amnong'oneze Wakili jambo la dukani. Vichwa vya watoto vyote vikainama pamoja naye. Akajiinua, akashika mwiko wake.

Tatu akamletea kifuu cha tope kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyokuwa akituona tukipeana kahawa kijiweni.

"Kunywa, baba Mdoe," akamwambia, "halafu useme uongo."

Redio akakipokea, akakiweka mdomoni, na akakiacha pale pale kwa muda mrefu sana.