Uzinduzi wa Kamati ya Kuzuia Kunyonga kwa Makosa

Mheshimiwa mwenyekiti wa hafla hii, nafasi ambayo kwa unyenyekevu mkubwa nimeikubali mwenyewe. Ndugu mkuu wa gereza, naibu wako na naibu wa naibu wako. Wakuu wa idara, vitengo na vijitengo. Viongozi wetu wa dini, mliokaa mbalimbali kama mlivyoomba. Waandishi wa habari mliokwishapewa bahasha na mnaoendelea kuzisubiri. Askari wa zamu, na askari mnaotakiwa kuwa zamu lakini mmefuata soda. Ndugu, jamaa na wategemezi wa waliohukumiwa kifo, ambao kuanzia leo ofisi yangu itawaita wadau wa hatua ya mwisho. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa niliyemsahau, basi hakuwa mkubwa kiasi hicho. (Makofi. Askari mmoja aliyesinzia anaanza kupiga makofi wenzake walipokwisha kumaliza.)

Mimi, Naibu Katibu Mwandamizi anayeshughulikia Masuala Yasiyorekebishika, najisikia fahari isiyo kifani kusimama katika bwalo hili la chakula la askari, chini ya feni iliyofadhiliwa na ofisi yangu, ambayo itazunguka umeme ukirudi, ili kuzindua Kamati ambayo wengi waliiota, wachache waliithubutu na mmoja tu, ambaye sitamtaja kwa kuwa ndiye anayezungumza, aliifikisha hapa ilipo. Naona mbele yangu amekaa shangazi wa yule kinyozi. Kinyozi wote mnamfahamu: ni kijana aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua muuza vitambaa, kwa ushahidi mzito kwamba marehemu alikatwa na kitu chenye makali, na kinyozi ana wembe. Atanyongwa keshokutwa asubuhi. Shangazi yake amekuja kwa sababu tangazo letu lilisema Kamati inazinduliwa leo, naye anataka Kamati imsikilize leo hii hii. Karibu sana, mama. Nitakujibu. (Shangazi: "Basi nijibu sasa.") Nitakujibu kwa mtiririko.

Nianze na hoja za kuunga mkono adhabu ya kifo, ambazo mimi binafsi naziunga mkono. Utafiti uliofanywa na ofisi yangu kwa kushirikiana na ofisi yangu umebaini kwamba asilimia mia moja ya walionyongwa hawakurudia kosa, na jambo la kutia moyo zaidi ni kwamba hata wale ambao hawakulitenda mara ya kwanza, hawakulitenda mara ya pili. (Makofi kutoka safu ya manaibu.) Adhabu hii inatia woga, mimi mwenyewe nikipita karibu na chumba kile naongeza mwendo, na sijaua mtu. Tena inapunguza gharama, kwa maana mfungwa wa maisha anakula, anakula kila siku, na wengine wana tabia ya kuomba waongezwe. Lakini zaidi ya yote kuna haki ya aliyeuawa. Mjane wa muuza vitambaa yuko nasi, na kwa niaba yake nasema kwamba roho yake haitatulia mpaka kinyozi yule aning'inie.

(Mjane anasimama: "Usinisemee. Aliyemuua mume wangu ni mbia wake wa dukani. Alikwenda kituoni na kisu mkononi, akasema ni yeye. Mkamwambia arudi nyumbani, kesi imeshafungwa." Minong'ono.)

Namshukuru mjane kwa mchango wake. Ni kweli mbia yule alifika kituoni, afisa wetu akampa kiti, akamsikiliza kwa heshima zote na hata kisu akamrudishia, kwa kuwa hatukuwa na sababu ya kukaa na mali ya mtu. Ila wananchi lazima muelewe utaratibu. Nafasi ya muuaji katika kesi ile ilikuwa moja, na ilikuwa imeshajazwa. Hatuwezi kuwa na nchi ambayo kila mwenye kujisikia anakuja kudai nafasi ya mwenzake.

Sasa nihamie hoja za kupinga adhabu ya kifo, ambazo mimi binafsi naziunga mkono vilevile, kwa sababu kiongozi wa watu wote hawezi kuwanyima baadhi yao uungwaji mkono wake. Wanaopinga wanasema huwezi kumfundisha mtu kwamba kuua ni vibaya kwa kumuua. Hoja nzito hiyo. Nilipoisikia kwenye warsha, pale hotelini, niliweka uma chini. Wanasema hakimu ni binadamu, shahidi ni binadamu, na binadamu hukosea. Hapo sina budi kuwatetea wenzangu: afisa hakosei, hupitiwa tu. Wanasema pia kwamba mfungwa ukigundua hana hatia unamfungulia mlango, lakini ukishamnyonga, mlango huo utamfungulia nani? Hilo tumelifanyia kazi. Ofisi yangu imeandaa cheti cha pole, chenye muhuri na kona za dhahabu, atakachopewa marehemu kupitia familia yake. (Makofi mawili matatu.)

(Shangazi anasimama: "Baba, mimi sikufuata cheti. Nakuuliza wewe. Si ulikuwa unanyolewa na mtoto wa kaka yangu? Kila Ijumaa unafumba macho, unamwachia shingo na wembe anao mkononi. Ulimwogopa lini?" Kicheko huko nyuma. Mkuu wa gereza anakohoa mpaka kinaisha.)

Swali zuri sana, na napenda iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba kijana yule alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Tangu akamatwe nimetaabika, maana huyu anayeninyoa siku hizi huondoka na ngozi akaziacha ndevu. Kwa hiyo, mama, usidhani umeguswa peke yako. Hili limenigusa mimi hapa, shavuni. (Shangazi: "Utamsikiliza au hutamsikiliza?") Ninakuja huko, mama yangu, kaa kwanza. (Hakai.)

Ndugu wananchi, Kamati hii itakuwa na wajumbe ishirini na mmoja, sekretarieti, magari, na madereva wenye posho ya kusubiri. Tumeshakamilisha awamu ya kwanza, iliyokuwa ya kuipanga awamu ya kwanza. Rodimapu ipo, stekiholda wamehamasishwa, fidibeki imekusanywa na kurudishwa kwa waliotoa. Tumefanya ziara za mafunzo ng'ambo, tukajifunza mengi, hasa kuhusu ziara. Nembo nayo imepatikana: mizani iliyoning'inizwa kwenye kamba, ya kijani, kuashiria matumaini. Mafanikio hayo yote yamepatikana katika uongozi wangu, na wanaosema sijafanya kitu waniambie ni kitu gani hicho. (Makofi yanayoanzishwa na dereva wake.)

Sasa tusimame, tuchangamke kidogo. Nikisema Kamati, semeni Ipo. Kamati! (Wachache: "Ipo.") Haki! ("Ipo.") Huruma! (Manaibu peke yao: "Ipo.") Ahsanteni, mnaweza kukaa.

Mwisho kabisa nitoe shukrani. Nawashukuru wajumbe wote wa Kamati, ambao watateuliwa siku Kamati itakapokuwepo. Maana umeomba jibu, shangazi, na mimi si mtu wa kukwepa. Kamati haipo. Haijawahi kuwepo. Wanasheria wetu walitushauri, nami nikakubaliana nao kabla chai haijapoa, kwamba huwezi kuunda kamati ya kuzuia makosa mahali ambapo kosa halijathibitika. Lazima kwanza apatikane mtu mmoja aliyenyongwa bila hatia, kwa ushahidi usio na shaka. Tumemtafuta kwa muda mrefu, na kwa kweli tulikuwa tumeanza kukata tamaa. Sasa mjane wa marehemu anasema siye, muuaji mwenyewe anasema siye, na mimi niliyemwachia shingo kila Ijumaa, nikiulizwa kwa faragha, nitasema siye. Hatujawahi kuwa na mtu aliyetimiza masharti vizuri namna hii. Kilichobaki ni anyongwe.

(Hakuna makofi. Mjane amemshika shangazi mkono.)

Kwa hiyo, mama, kwa niaba ya ofisi yangu nakushukuru kwa kutulelea kijana huyu. Keshokutwa mchana Kamati itakuwa na sababu ya kuundwa, na siku ikipata jengo, nitahakikisha mimi mwenyewe kwamba jengo hilo linaitwa kwa jina la mtoto wa kaka yako. Nawashukuruni kwa kunisikiliza.