Adabu kwa Mteja: Maneno ya Mheshimiwa Mugendi Kubai Akifungua Kituo cha Kiwanjani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma salamu. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru wa kutozileta. Machifu na manaibu wao, wazee wa Nyumba Kumi, maimamu na wachungaji, wenyeviti wa vikundi vyote vya akina mama vilivyosajiliwa na vinavyokaribia kusajiliwa, wasusi, watunga shanga, wachonga vigoda, mastekiholda wote kwa ujumla wenu na mmoja mmoja: salaam aleikum, habari zenu, Bwana asifiwe, na yeyote ambaye sijamsalimia kwa imani yake ajihesabu amesalimiwa kiofisi. (Makofi ya dereva wake.)

Mimi, kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, ndiye Mratibu Mkuu wa Kamati ya Muda ya Tabasamu, Mauzo na Mambo Yanayohusiana, na utafiti wetu wa kina, tuliofanya tukiwa ndani ya gari kwa ajili ya jua, umeonyesha kwamba asilimia tisini na tisa ya wauzaji wa kazi za mikono hapa Isiolo hawana kastoma kea, na ile moja iliyobaki haikupatikana nyumbani. (Minong'ono.) Mteja anasimama mezani pako, wewe unaongea na jirani juu ya bei ya miraa. Mteja anashika mkufu, wewe unamtazama kama mbuzi aliyeingia shambani. Mteja anauliza bei, unamuuliza anatoka wapi kwanza. Ndiyo maana Kamati ikaona ije na Kituo cha kisasa cha kapasiti bildingi, ambacho tunakifungua leo.

Lakini kabla ya utepe, niruhusuni nitoe mfano hai. Kwenye maonyesho ya mwaka jana, pale uwanja wa shule, meza ya pembeni alikuwa mama mmoja wa kutoka Korbesa anayeitwa Wato. Namtaja si kwa ubaya, bali kwa sababu za kitaalamu. (Wanawake wanageuka kumtazama Wato, aliyeketi safu ya pili. Wato anaendelea kusuka.) Mama huyu husuka gorfa, kile chombo cha maziwa cha Kiborana cha mizizi iliyobanwa hata tone halipenyi, na siku hiyo alikuwa na moja kubwa, nzuri, ambayo mimi mwenyewe niliipiga picha kwa ajili ya ripoti.

Asubuhi akaja Mama Fahmo wa hapa hapa Kiwanjani, akaizungusha ile gorfa, akaikagua ndani, akasema binti yake anaolewa na Mborana na asingependa aingie kwa mume mikono mitupu. Akaomba awekewe mpaka alasiri, akamlete binti aione mwenyewe. Wato akakubali, akaitia chini ya meza, akaifunika kwa leso. Sasa niwaulize, ndugu zangu, bidhaa bora kuliko zote maonyeshoni kukaa chini ya leso ni maketingi ya aina gani? (Sauti ya mama: "Ni ya kuaminika.") Mwenye sauti hiyo aandikwe jina.

Mchana akawasili Madam Karimi, anayepamba mahoteli makubwa ya Nairobi, mgeni niliyemwalika mimi kwa simu yangu na salio langu. Nikamzungusha meza zote. Tulipofika kwa Wato akavipenda vyombo vyake vidogo, nami, kwa moyo wa utumishi, nikainua leso ili aone kikubwa. Wato akaishika ile leso upande wa pili, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hiyo iko na mwenyewe, mheshimiwa. Nimempa neno."

Nilimweleza kwa upole kwamba neno halina mhuri, na kwamba katika uchumi wa sasa mteja mkubwa hutangulia mteja mdogo hata kama amefika nyuma yake. Akafunika chombo chake. Basi alipoondoka kwenda kuswali adhuhuri, ofisi yangu ilifanya uamuzi wa kiutawala: niliichukua ile gorfa na kumkabidhi Madam Karimi kama zawadi, nikamwambia imetoka kwa aliyeisuka. (Miguno. Mtu anasema "Astaghfirullah.") Tulieni. Ilikuwa diplomasia.

Mama Fahmo akarudi na binti. Wato akainama, akainua leso, na chini ya leso hapakuwa na kitu. Yule msichana hakulia. Alisimama tu, mkono mdomoni, mama yake akimwambia wataazima ya shangazi. Wato akawauliza majirani, na majirani, kwa kukosa nidhamu, wakatazama hema la waheshimiwa, ambako mimi na mgeni tulikuwa kwenye pilau. Akaja moja kwa moja, msichana nyuma yake, akanipita mimi kama mlingoti wa bendera, akamsalimu Madam na kumuuliza habari ya safari. Kisha akamwambia, "Mama, hiyo iliyowekwa kando ya kiti chako ni ya harusi ya huyu msichana. Niliahidi mama yake asubuhi."

Madam Karimi akaweka kijiko chini. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamjibu kwamba suala hilo lilikuwa katika hatua ya mashauriano. Basi akasimama, akampa yule msichana gorfa kwa mikono miwili, akamwomba radhi, halafu akamuuliza Wato kama angeweza kumsukia vingine vya hoteli. Wato akasema ataweza, lakini kuna watu mbele yake, angoje mpaka mvua ndefu ipite. Na yeye, mteja mkubwa, mteja wa kimataifa, akasema, "Nitangoja." Hapo hapo akaalikwa harusini. Ofisi yangu haikualikwa. (Vicheko virefu.) Hilo liliniuma sana, na sioni kinachochekesha.

Ilibidi nidumishe utaratibu. Nikamwamuru Wato atoke maonyeshoni kwa kuaibisha uongozi. Akafunga mzigo wake na kutandika mkeka nje ya geti. Jirani yake akamfuata. Wa vigoda akafuata, wa shanga wakafuata, wateja nao wakatoka, na ndani tukabaki mimi, dereva na kipaza sauti. Katika ripoti niliandika kwamba tumefaulu kupeleka soko karibu na barabara. (Wato anacheka kwa mara ya kwanza, kidogo, bila kuinua macho.)

Sasa semeni nami. Mteja! (Kimya.) Mnajibu "Mfalme!" Mteja! (Sauti nyingi: "Ni mtu!") Tutalirekebisha hilo kwenye wekshopu. Tabasamu! (Dereva: "Mauzo!") Maendeleo! (Dereva anapiga chafya.)

Mwisho kabisa nawashukuru kwa kuvumilia jua; namshukuru Mama Fahmo kwa kutuazima shuka lililochanwa likawa utepe; namshukuru Mzee Bile, mwenye kiwanja hiki, anayeomba tumalize kabla mbuzi wake hawajarudi kulala. Wanaouliza utepe utafungwa wapi, hilo tumelishughulikia: ncha moja atashika dereva, ya pili Mzee Bile, kwa kuwa milango, kuta, meza na mkufunzi wa Kituo hiki ni mambo ambayo hayapo bado, maana hakuna aliyewahi kuyaombea fedha popote, nikiwemo mimi. Nikishakata, mkapita katikati yao wawili, hesabuni mko ndani. Karibuni Kituoni.