Mraba Wangu wa Magugu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Jepchumba wa chuo kikuu amepita hapa Kiplombe. Alhamisi anakuja kuhesabu mraba wake, ule wa vigingi na kamba pale chini kwa chemchemi yangu. Kila Juni anahesabu aina za majani: zipi zimebaki, zipi zimepotea, zipi zimehamia. Mwaka wa kwanza, thelathini na moja. Mwaka jana, ishirini na saba. Huu ni wa sita na anataka miaka kumi. Safari hii analeta wageni watatu. Eti mraba ukiharibika atahamia kwa jirani, Wamucii. Wamucii! Mtu hata kikombe hasuuzi vizuri. Kwangu hatoki mtu.

Jumanne, 3 Juni

Nimeutazama mraba. Aibu! Magugu mpaka magotini. Wageni watasema mimi Nduta ni mvivu. Nimeshika jembe. Mgongo unaniua, lakini nimeng'oa yote. Nikafagia. Hata kamba nimeifua.

Jumatano, 4 Juni

Walubengo, yule anayekusanya maziwa, ameona akacheka mpaka akashikilia ua. Akaniuliza, Mama, kesho watahesabu nini, udongo? Nimemwambia abebe mtungi wake aende. Halafu nikakaa chini. Kweli, watahesabu nini?

Nikaenda kwa Wamucii kumpalilia bure. Akaniuliza kama nimeokoka. Nimerudi na magunia mawili ya magugu yake: managu, terere, thabai, na mengine hata jina sina. Nimepanda yote. Mistari sita, nafasi ya kiganja, samadi kila shimo. Thabai imeniunguza mikono. Nimechoka hata kuandika.

Alhamisi, 5 Juni

Jepchumba amesimama mbele ya mraba. Kisha akaniuliza polepole, Shosho, tangu lini magugu yakaota kwa mstari? Nikamwambia kwangu kila kitu kina adabu. Mgeni mmoja akageuka kukohoa.

Nimekiri. Msichana akatokwa na machozi. Miaka mitano ya hesabu, akasema, na mimi nimeifagia. Hilo limeniuma kuliko mgongo.

Wakaenda kwa Wamucii kutafuta mahali pengine. Wakakuta peupe. Si nimempalilia? Wakarudi. Basi mraba unabaki hapa. Ataandika kitabuni kwamba mwenye shamba ameuvuruga, kisha ahesabu yatakayorudi. Sharti ni moja: nisiguse hata jani. Nimekubali. Mwenye shamba! Kitabuni!

Jumamosi, 7 Juni

Sijagusa jani. Neno langu ni neno. Lakini panzi, viwavi na vidudu vya miguu mingi vimejaa mrabani, vinatafuna majani ya kuhesabiwa! Nimejikokota mpaka dukani kwa Abdikadir, nikanunua dawa, nikabeba pampu mgongoni na magoti haya mabovu. Nimenyunyiza pembe zote nne. Hakuna hata sisimizi aliyebaki.

Jepchumba amepiga simu jioni. Jumatatu anarudi, sasa ni kuhesabu wadudu. Nimemwambia aje bila wasiwasi, kazi nimeshampunguzia.