Kilo Thelathini na Nane za Maktaba

Hii ndiyo hotuba ya Ndugu Valerian Semboja, Afisa Mtathmini wa Ubora wa Maktaba za Shule, aliyoitoa kijijini kwetu, njia ya kwenda Kwamsisi, mwaka wa pili tangu tuhamishiwe hapa. Sikupunguza neno. Yaliyo ndani ya mabano ni yangu mimi, Mwantumu binti Mbwana, mwanakisomo wa darasa la watu wazima, niliyekaa mstari wa mbele kwa sababu sipendi kusimuliwa.

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Sadala; Ndugu Katibu Kata; Ndugu Msaidizi wa Katibu Kata; Ndugu Mwalimu Mkuu Mdoe pamoja na walimu wako wote, yaani yule mmoja; ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi, na balozi yule wa nyumba saba zitakazotimia kumi mvua zikiisha; masheikh na makatekista; kina mama mliopika na kina baba mtakaokula; wanafunzi mliosimama juani tangu saa mbili kwa hiari yenu wenyewe; wazee wangu, shikamooni; waliobaki, hamjambo; na yeyote ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. Uhuru!

(“Na Kazi!” tukaitikia. Kazi yenyewe tulikuwa tumeiacha shambani, magugu yamefika magotini.)

Ndugu wananchi, nimetumwa na Serikali, na mkiniuliza Serikali ni nani, nitawajibu bila kigugumizi kwamba Serikali ni ninyi, wewe uliyevaa kanga, wewe mwenye jembe, na hata yule anayesinzia pale nyuma ni Serikali inayosinzia! (Makofi. Aliyesinzia akaamka, akapiga makofi kuliko wote.) Nimekuja kufanya evalueshen, yaani tathmini, na evalueshen si jambo la mchezo, kwani mimi binafsi nimeisomea kozi ya wiki tatu, nikatoka na cheti chenye mhuri, nikawa wa pili darasani, na wa kwanza alikuwa mgeni kutoka nje, kwa hiyo kitaifa mimi ni wa kwanza.

(Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Nikamgeukia: “Wewe Zamda, unampigia nini, ameoa?” Akashusha mkono mdomoni.)

Mnafahamu kwamba Programu ya Maktaba za Shule inayo awamu tatu, awamu ya kwanza ikiwa chumba, awamu ya pili rafu, na awamu ya tatu vitabu. Chumba mmejenga, kina mama mkabeba maji ya kufyatulia matofali kutoka mtoni, kilomita nne kwenda na nne kurudi, na ofisi yangu ikabeba jukumu la kuwatakia kila la heri. Rafu amezitengeneza fundi Ernesti kwa mninga, naye sifa zake zitaandikwa kwenye ripoti. Na leo asubuhi, mbele ya macho yenu, sanduku la vitabu limeshushwa kutoka kwenye Landrova yangu!

(Hapo nilipiga makofi, siwafichi. Kitabu changu cha kwanza cha kisomo ni habari ya mkulima wa mahindi. Anatayarisha shamba, anapanda, anapalilia, kisha kitabu kinakwisha. Mavuno yamo katika kitabu cha pili, na kitabu cha pili, tuliambiwa, kitakuja na maktaba ya shule. Nimekisoma mara tisa. Mwaka mzima mtu yule anapalilia tu, hata mimi mgongo unaniuma. Na herufi nazo zimeanza kunikimbia, maana asiyesoma kipya husahau hata cha zamani.)

Sasa nije kwenye tathmini yenyewe. Sanduku hili lilipimwa saa tatu na dakika ishirini kwenye mizani ya ghala la pamba, likaonekana kuwa na kilo thelathini na nane kamili za maktaba. Kwa kijiji chenye watu mia sita na arobaini, huo ni wastani wa gramu hamsini na tisa za elimu kwa kila kichwa, watoto wachanga wakiwemo, na kitaalamu huo ni ushibaji wa kuridhisha.

(“Lifunguliwe!” nikasema. “Vitabu si pamba, bwana. Havipimwi kwa kilo.”)

Bibi yangu, nakuheshimu, lakini maswali yana wakati wake.

(“Wakati wenyewe ni lini?”)

Ulikuwa kabla sijaanza kuhutubia. Kwa faida ya wote nieleze tu kwamba sanduku halifunguliwi, kwanza kwa sababu kitabu kikishikwa kinachakaa, na ubora wa kitabu ni upya wake. Pili kwa sababu ufunguo uko Tanga, ndani ya kabati ambalo ufunguo wake uko Dar es Salaam, kwa usalama wa taifa. Naendelea. Vitabu vilivyopotea katika maktaba hii: hakuna! (Makofi.) Vilivyochanwa na wanafunzi: hakuna! Vilivyoliwa na mchwa, na mchwa wa Handeni nawafahamu, waliwahi kula kiatu changu cha kushoto: hakuna hata kimoja! Vilivyorudishwa kwa kuchelewa: hakuna! Je, kuna maktaba Ulaya inayoweza kusema hivyo? Naambiwa Ulaya wanachelewesha sana. (“Aibu!” akasema Mzee Sadala, ambaye Ulaya hajafika, hata Korogwe hajafika.) Kasoro niliyoiona ni moja, nayo ni kuku aliyekutwa kwenye rafu ya pili akitaga bila kadi ya uanachama, na kwa ajili yake nimepunguza alama mbili. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, naitangaza maktaba ya shule hii kuwa imefuzu kwa alama tisini na nane kwa mia!

(Makofi, vigelegele, ngoma moja. Mwalimu Mdoe alikuwa analia, nikadhani ni furaha.)

Na maana ya kufuzu ni kwamba jina lenu litafutwa leo hii katika orodha ya vijiji vinavyohitaji vitabu, kwa kuwa aliyeshiba haongezwi ugali, na vitabu vitapelekwa kwa waliofeli.

(Ndipo nikaelewa kilio cha Mwalimu. Nikasimama. “Baba, tufelishe!” Watu wote wakadakia: “Tufelishe! Tufelishe!” Hata watoto.)

Tulieni! Tulieni, ndugu zangu! Katika utumishi wangu wote sijaona umma unaokataa ushindi! Kufeli nako kuna taratibu zake, kuna fomu, na fomu ya kufeli inajazwa na... Ndiyo, Yordani? Huyu ni dereva wangu, ndugu wananchi, msimjali. Unasemaje? Pancha? Gurudumu la nyuma? Basi toa jeki, bwana, mimi nahutubia. Iko wapi? Sema polepole. Polepole, nimesema! Hapana. Hapana, Yordani, usilifungue hapa. Ndugu wananchi, geukeni wote mtazame chumba cha maktaba, kwa heshima, mfumbe na macho. Yordani!

(Yordani akavua kamba shingoni. Kumbe Tanga ni shingoni kwa Yordani. Akafungua kufuli, na mimi niliyekaa mbele nikaona yote: jeki, spana, blanketi, sufuria ya masizi, na mnyororo wa kuvutia gari. Karatasi hata ya kufungia chumvi haikuwemo.)

Ndugu wananchi, mnachokiona ni, tuseme, vifaa vya rejea. Maktaba za kisasa si vitabu tu, ni mtazamo. Yordani, chukua jeki haraka, ulifunge sanduku, ulirudishe garini. Bibi, mbona umekuja huku? Bibi, nakuomba. Bibi, usikalie mali ya ofisi!

(Nilikuwa nimeshaufunika mfuniko na kuukalia, jeki ikiwa ndani. Ubavuni pa sanduku pameandikwa kwa rangi nyeupe. Nikainama nikasoma kwa sauti, silabi moja moja, wala sikusaidiwa: “MA-LI YA SE-RI-KA-LI.” Nikamwuliza, “Na Serikali ni nani?” Mstari wa nyuma wote ukajibu: “Ni sisi!” Aliyesinzia ndiye aliyepaza sauti zaidi.)

Ni kweli nilisema hivyo, ila nilisema kihotuba. Mzee Sadala, zungumza na raia wako. (Mzee Sadala akatazama mawingu, akasema mvua inakuja.) Ndugu wananchi, tuwe na utu. Sanduku hili ndilo sanduku la Programu, jingine hakuna, halijapata kuwapo, na pengine halitakuwapo. Limetathminiwa katika vijiji arobaini na viwili kabla yenu, Kwedizinga walilipigia makofi juzi bila ukorofi huu, na kesho saa tatu linangojwa Magoma, ambako tayari wamefagia njia na kuchinja mbuzi. Nikifika mikono mitupu nitawapimia nini?

(“Wapimie wewe mwenyewe,” akasema Ernesti. “Una kilo za kutosha.”)

Vema. Vema! Kwa kuwa kiongozi bora husikiliza umma, nachukua fomu, nachukua kalamu, nafuta tisini na nane, naandika sifuri. Mmefeli! Mmefeli vibaya, kuliko kijiji chochote nilichokanyaga!

(Nderemo! Hazijapata kusikika tangu ng'ombe wa Mwenyekiti azae pacha. Nikaiomba ile fomu nikaisoma. Ilikuwa sifuri kweli, ya duara, imefungwa juu na chini. Nikamwambia aongeze chini yake kwamba Mwantumu binti Mbwana anangoja kitabu cha pili cha mkulima wa mahindi.)

Vitabu vyenu, cha mkulima wa mahindi kikiwa cha kwanza, vitaletwa pindi programu itakapoanza. Elimu, oyee! (Oyee!) Ujinga, zii! (Ziii!) Vitabu, juu! (“Juu ya rafu!” akasema Mwalimu Mdoe, mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti.) Nawashukuru kwa mapokezi, kwa wali, na kwa kunisikiliza kwa utulivu katika uzinduzi, tathmini na ufungaji wa maktaba ambayo, nakiri, haikuwapo. Asanteni sana. Na sasa, Bibi Mwantumu, kwa unyenyekevu mkubwa, jua linazama: naomba jeki?

(Nikamwambia maswali yana wakati wake, nao ulikuwa kabla hajaanza kuhutubia.)